Hodi ya Zamani

Nilifika Kibaigwa juu ya lori la magunia matupu,
mkobani bisibisi, kebo,
na betri mbili ndogo kama vifungo vya koti.
Makao makuu wamehamia kikoa kipya.
Waraka ulisema kila kompyuta ijiunge kabla ya Ijumaa.
Haukuitaja hii ya kibanda cha mizani,
iliyogeuka manjano
kama meno yaliyokulia maji ya Singida.

Nyemo ndiye anayeiendesha.
Ikikwama huipiga kofi ubavuni, bila hasira,
kama anayemtoa mtoto punje ya karanga kooni.

Naandika jina. Naandika neno la siri.
Inawaza, inarudi:
hapana.
Naandika tena, herufi kwa herufi.
Hapana.
Seva iliyoko Mtumba haikasiriki, na hilo ndilo linaloudhi.
Haisemi umekosea wapi.
Haisemi mwongo wewe.

Kwanza ilikuwa saa.
Betri ilishakufa, na kila asubuhi umeme ukirudi
kompyuta huamka Januari mosi, elfu mbili na moja,
haina habari ya misiba wala mavuno ya katikati.
Mlango mpya huvumilia tofauti ya dakika tano.
Tano!
Hapa lori la mahindi husubiri siku mbili,
na mvua tunaisubiri hadi tunaona aibu kuitaja.
Nikabadilisha betri. Sasa wote wawili wanaishi leo.

Bado hapana.

Basi ikawa lugha.
Huku mtu akikwambia mbukwa, unaitika;
salamu isiyoitikiwa ni kesi.
Lakini hii inabisha kwa hodi ya zamani,
ya enzi mlango ulipokuwa pazia la kitenge:
neno la siri inalikata vipande viwili, herufi saba saba,
zote kubwa,
kama mtu anayepiga kelele nusu nusu.
Mtoto wa kidato cha pili angelifumbua kabla chai haijapoa.
Mlango mpya umefundishwa kutoisikia sauti hiyo.
Si kiburi. Wezi walishajifunza kuiiga.

Nikampigia Mhawi, mwenye funguo.
"Legeza kidogo. Mashine moja tu."
"Nikilegeza kwa moja nimelegeza kwa wote.
Mlango haujui moja tu."
Alisema kweli,
nami nikamchukia mpaka salio likaisha.

Nje honi. Madereva wanatukana kwa zamu.
Nyemo, juu ya gunia, anavitazama vidole vyake.
"Kwenye kitambulisho, kile kioo cha kijani kilinikataa.
Vyote kumi. Wakasema jembe limefuta alama,
kapake mafuta, urudi.
Nikapaka. Nikarudi mara tatu."
"Halafu?"
"Halafu wakaandika kwa mkono."

Nikachomoa kebo ya mtandao.
Kompyuta haikulalamika.
Mizani ikaendelea kuiambia, kwa waya wake mnene:
kilo elfu kumi na mbili, mia tatu na arobaini.
Pembeni nikaweka ndogo, mpya, inayojulikana Mtumba,
na Nyemo akasoma kwenye ile,
akaandika kwenye hii,
midomo ikicheza kila tarakimu isije ikadondoka.
Kati ya kompyuta na kompyuta pana shubiri moja.
Kwenye ripoti sikujua niiiteje.
Nikaandika: imetatuliwa kwa muda.

Lori la kurudi lilikuwa limejaa, nikakaa juu ya mahindi.
Karibu na Chamwino simu ikaita.
"Fundi, saa yake haijapotea.
Inasema saa mbili na dakika nne."
Akanyamaza, nadhani aligeuza shingo.
"Ya ukutani ndiyo imechelewa."